Tazama Mikono Yangu

– Nitasimama mbele yako, mpenzi, karibu kabisa na moto, kama siku ile, – Meneja aliniambia kwenye simu. – Watu wapige picha mpaka wachoke.

– Moto wenyewe haupo siku hizi, – nikamcheka. – Kuna mlango wa maktaba na watu wazima wenye vitambi.

– Basi karibu na mlango. Nimenunua suti ya bluu. Inaendana na rangi ya sweta la shule?

– Utabeba ndoo na suti?

– Mara moja tu, mama. Kwa ajili ya picha.

Nikakata simu nikiwa natabasamu peke yangu kama mwehu. Umebaki mwezi mmoja niolewe, jamani, niacheni nitabasamu.

Upande wa pili wa meza ya ofisi ya walimu, mwalimu wa jiografia alikuwa akikata karatasi za ukuta wa historia kwa ajili ya jubilei. Wanafunzi walimbandika jina la Ramani tangu alipohamishiwa kwetu mwanzoni mwa mwaka, kwa sababu hawezi kumwelekeza mtu hata chooni bila kuchora. Mimi nafundisha hesabu, na jina langu ni Kipenga. Sauti yangu inafika mabwenini bila kipaza sauti, na sioni haya.

– Nipe mkasi, – nikamwambia.

Akanisogezea, vidole vyake vikiwa vimeshika upande wa makali.

– Utajikata siku moja, wewe!

– Nimezoea.

– Kesho utakuwepo kwenye mnyororo?

– Nitakuwa kisimani na watoto, tunachota. Mnyororo wa kesho ni wa waliosoma hapa.

– Kwani wewe ulisoma wapi?

– Huku na huku, – akajibu, akarudi kwenye karatasi zake.

Ndivyo alivyo huyo. Muulize mlima wa bara la mbali, atakutajia hadi urefu. Muulize habari zake mwenyewe, utadhani unamng'oa jino.

Ngoja niwaeleze huo mnyororo, maana msipoujua hamtanielewa.

Shule yetu ni ya serikali. Ilianza na vyumba viwili vya madarasa ambavyo wazazi waliviinua kwa mikono yao, na kengele yake mpaka leo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo. Hatujawahi kuwa na basi la maana. Viti vya bwalo vimeungwa vikaungwa tena. Lakini mtajie mtu aliyesoma pale jina la shule, utaona anavyokaa sawa kitini. Atakusimulia mbio za alfajiri, sahani za bati, na midahalo ya Ijumaa ambapo mtoto wa kuli alimgaragaza kwa hoja mtoto wa mkubwa fulani, mpaka mkubwa mwenyewe akasimama kupiga makofi. Pale hukuulizwa umetoka nyumba gani. Uliulizwa umesoma nini jana.

Wiki niliyoingia kidato cha kwanza, maktaba ilishika moto. Hitilafu ya umeme darini. Mabomba yalikuwa makavu na gari la zimamoto lilikuwa mbali. Mkuu wetu wa sasa, wakati huo mwalimu kijana wa fasihi, alisimama uani akapaza sauti: "Ndoo! Kila mtu na ndoo yake!" Tukajipanga kutoka kisima cha nyuma ya jiko mpaka mlango wa maktaba, masweta yaliyoloweshwa tumejifunga usoni, yanaonekana macho tu.

Mimi nililia. Nilikuwa kijitu kidogo, sijui mtu hata mmoja. Mvulana mkubwa aliyekuwa akinipa ndoo, sauti yake imekwaruzwa na moshi, akaniambia:

– Usitazame moto. Tazama mikono yangu.

Nikaitazama mikono yake mpaka moto ukazimika. Vitabu vilipona karibu vyote. Boriti moja ilibaki nyeusi, na Mkuu amekataa katakata isipakwe rangi. Shule ikafungwa kwa muda, watu wakatawanyika, na tuliporudi sikujua yule mvulana alikuwa nani. Tangu hapo, kila kidato cha kwanza kinapoingia, watoto hujipanga na ndoo zao njia ileile, wapitishe maji mpaka maktaba. Mtoto anamjua jirani yake wa kulia na wa kushoto kabla hajalijua jina la kiranja.

Maandalizi ya jubilei yalipoanza, tukaundiwa kundi la WhatsApp la waliosoma zamani. Siku moja nikajipa moyo, nikaandika:

"Siku ya moto kuna kaka aliniambia: Usitazame moto, tazama mikono yangu. Kama yumo humu, ajitokeze nimshukuru."

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini:

"Ni mimi huyo. Nilijua iko siku utaniuliza. 😊"

Ni huyu Meneja wa benki. Kweli alikuwa kidato cha nne mwaka ule, wengi walimkumbuka. Mcheshi, ananukia vizuri, anajua kuongea na mama za watu. Mimi nilikuwa nimeshawakataa wanaume wa kutosha mpaka mama yangu akaacha kuniuliza. Sikuwa naringa. Kila mmoja nilikuwa nikimpima kwa yule kaka wa kwenye moshi, na wote walikuwa wakipungukiwa. Basi siku aliyojitokeza, nililia mbele ya simu kama mtoto. Haukupita muda nikavishwa pete.

Jioni ya Ijumaa hiyohiyo, mkesha wa jubilei, nilimkuta Ramani maktaba, amesimama chini ya boriti nyeusi, kichwa juu.

– Unahesabu mchwa?

– Natazama tu. – Kisha akasema: – Nikuulize kitu, lakini usinipigie kelele.

– Inategemea.

– Kama Meneja asingekuwa yule wa siku ile, ungempenda?

– Swali gani hilo? Si ndiye!

– Haya.

– "Haya" nini? Una neno la kusema, liseme.

– Sina, mwalimu. Chai yako inapoa, – akanisogezea kikombe, yeye kakishika tumboni palipo na moto, mshikio ukiwa upande wangu.

Nikachukua chai yangu nikaondoka nimenuna. Lile swali lilinifuata mpaka kitandani. Nilijaribu kumfikiria Meneja bila moto, bila moshi, bila yale maneno. Nilipata suti na manukato. Nikajifunika shuka gubigubi.

Jumamosi shule ilifurika. Waliosoma miaka yote walikuja na watoto wao na fimbo zao za kutembelea. Mkuu akapanda jukwaani, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa.

– Shule hii haikuokolewa na gari wala na mkubwa yeyote, – alisema. – Iliokolewa na watoto waliosimama. Leo kila mmoja arudi pale alipokuwa amesimama. Msione aibu, jirani yako anakukumbuka kuliko unavyodhani.

Weeee! Hapo ndipo mngeona vituko. Hakimu mzima na muuza mitumba wanagombania jiwe moja.

– Hapa pangu!

– Pako wapi? Wewe ulikuwa nyuma yangu unanimwagia maji viatuni!

– Viatu ulikuwa navyo, bwana? Ulikuwa pekupeku!

Wakakumbatiana, hakimu anafuta machozi kwa tai. Mimi nikaenda pale kwenye ngazi ya darasa la zamani, mahali pangu. Meneja akaja na suti yake ya bluu, mpiga picha nyuma yake, akasimama upande wa maktaba.

– Nipo, mpenzi. Kama zamani.

– Upande huu, – nikamwonyesha upande wa kisima. – Wewe ndiye uliyekuwa unanipa ndoo.

– Hapana, moshi ulikuchanganya. Mimi nilikuwa mbele, kwenye moto wenyewe. Wewe ndiye uliyekuwa unanipa.

– Mimi?

– Ndiyo, mama. Tabasamu, anapiga.

Sikutabasamu. Kuna kitu kilikuwa kinanikwaruza, yale maneno yake ya kwenye simu kwamba alisimama mbele yangu karibu na moto, kikapata njia ya kutokea.

– Meneja.

– Naam?

– Ukisimama hapo, nikiitazama mikono yako, nyuma yake naona nini?

Akageuka. Nyuma yake mlango wa maktaba ulikuwa wazi, na boriti nyeusi ilionekana hadi nje.

– Uliniambia nisitazame moto, – nikasema. – Yule kaka alinigeuza nikaupa moto mgongo. Wewe unanigeuza niutazame.

Akacheka kile kicheko cha mtu anayepapasa mifuko akitafuta funguo.

– Mambo ya zamani hayo, nani anakumbuka pande...

Kabla hajamaliza, Mkuu akapuliza kipenga na ndoo zikaanza kuja. Upande wangu wa kisima palikuwa na pengo. Hakuna aliyesimama.

– Pengo pale kwa Kipenga! – Mkuu akaita. – Mwalimu wa jiografia, ziba!

– Mkuu, mimi nipo kisimani na watoto...

– Ziba, maji yanakuja!

Ramani akaja, amekunja mikono ya shati, hanitazami. Akapokea ndoo kwa jirani. Kisha, kabla ya kunipa, akaigeuza: kiganja kimoja chini ya kitako, kingine ubavuni, mshikio ukaja kwangu.

Mikono yangu iliipokea kabla akili haijasema lolote. Ikaijua. Yaani nawaambieni ukweli, mikono yangu iliijua ile ndoo ilivyokuja. Sikuwahi kuliandika hilo kwenye kundi, wala kumsimulia mtu, kwa sababu nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe.

Ndoo ya pili ikaja vilevile. Maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, wala hajali.

– Kwa nini unashika kitako? – nikamuuliza.

– Ili wewe upate mshikio. Vidole vyako vidogo, utambo wa ndoo ulikuwa unakuka... – Akakatiza.

– Ulikuwa? Lini?

– Mwalimu, ndoo zinarundikana.

– Zirundikane! Sema yale maneno.

– Maneno gani?

– Usinifanye mtoto. Sema!

Sauti yangu mnaijua. Mnyororo wote ukasimama, kuanzia kisimani hadi mlangoni. Ramani akatazama chini, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

– Usitazame moto, – akasema taratibu. – Tazama mikono yangu.

Ndoo ikaniponyoka. Maji yote yalimwagika kwenye suruali ya suti ya bluu. Sikukusudia, lakini radhi sikuomba.

Meneja nilimpeleka nyuma ya maktaba. Sikutaka kumvua nguo mbele za watu, ingawa alistahili.

– Siku ile ulikuwa wapi?

– Kipenga, nisikilize...

– Ulikuwa wapi?

– Uwanjani. – Alikaa kwenye ukingo wa ukuta, maji yanamtiririka viatuni. – Nilikimbia na wengine. Niliogopa.

– Kuogopa si kosa. Tulikuwa watoto, hata mimi nililia.

– Uliandika vizuri sana kwenye kundi. Nikajibu kama utani. Ukanipigia simu unalia, nikashindwa kurudi nyuma. Halafu nikakupenda kweli. Hilo nalo ni kosa?

– Ungeniambia siku ya pili, tungecheka. Ungeniambia kabla ya pete, ningekasirika na pengine ningekusamehe. Ulikuja nyumbani ukamsimulia mama yangu jinsi mikono yako ilivyoungua! Mama akakupaka na mafuta!

Nikavua pete, nikamwekea kiganjani.

– Mimi sikuachi kwa sababu ulikimbia moto. Nakuacha kwa sababu umenilaza kwenye uongo na ukanifunika vizuri.

Simu ikaita. Mama, nani mwingine? Habari zimeshamfikia.

– Wewe mtoto! Naambiwa umemwagia mkwe wangu maji mbele ya Mkuu?

– Si mkwe wako tena, mama.

– Kadi zimeshagawiwa!

– Mama, si yeye. Siku ya moto si yeye.

Nilisikia anakaa.

– Na yale mafuta niliyompaka?

– Alikuwa anadanganya.

– Mshenzi! Chupa nzima! – Kisha sauti ikalainika. – Umeumia, mwanangu?

– Nimeumia, mama.

– Njoo nyumbani ukimaliza. Kadi nitajua mimi.

Ramani nilimkuta kisimani, anakusanya ndoo. Watoto wakaniona sura, wakapotea wenyewe bila kuambiwa. Nilimjia juu kama mbogo.

– Ungeacha niolewe na mikono ya mtu mwingine?

– Nilijua ni wewe siku ulipowasimulia kidato cha kwanza habari za moto na yale maneno, pale mlangoni pa maktaba. Nilifungua mdomo. Halafu nikaona pete.

– Ungesema!

– Niseme nini? Kwamba mchumba wako mwongo, nichukue mimi? Ungenionaje?

– Ningekuona mtu!

– Ungeniona mtu wa kudai zawadi, – akasema, na hapo ndipo niliposikia kwamba naye anaweza kukasirika. – Nilisimama kwenye ule mnyororo, nikakupa maji, basi. Sikutaka unipende kwa ajili ya ndoo. Nilitaka unizoee hivihivi, Ramani wa ofisini. Ulikuwa umeanza kuzoea. Unanipigia kelele kuliko walimu wote.

Nikataka kucheka, nikakataa.

– Na mbona hukuwahi kusema ulisoma hapa?

– Sikumalizia. Shule ilipofungwa, mzee wangu alihamishwa kikazi, nikamalizia mbali. Kwenye mahafali simo, kwenye kundi simo. Niliomba uhamisho nije kufundisha hapa kwa sababu hakuna shule nyingine niliyowahi kuiona yangu. Lakini kujiita mwenyeji nilisita.

– Nani kasema wewe si mwenyeji? – Mkuu alikuwa amesimama nyuma yetu na miwani yake, sijui tangu lini. – Mwalimu, vyeti vinatolewa na wizara. Aliyesoma hapa ni yule aliyesimama siku ile. Kesho ulete picha yako, tuibandike ukutani. Na wewe Kipenga, punguza sauti, wageni wanasikia kila kitu.

– Samahani, Mkuu.

– Usipunguze sana, – akasema, akaenda zake.

Ramani akainama kuokota ndoo. Nikaona nimesimama mbele yake sina pete, sina hasira tena, na swali lake la jana limegeuka kuwa langu. Nikajaribu kumfikiria yeye bila moto na bila moshi. Nilipata mkasi unaokuja na upande wa makali kwenye vidole vyake. Nilipata chai. Nilipata mtu anayewachorea watoto njia ya chooni na mishale miwili.

– Nipe muda, – nikamwambia.

– Chukua wote.

Nilichukua. Muhula mzima nilimpigia kelele kama kawaida, naye akanijibu "haya" zake kama kawaida. Wanafunzi ndio waliochoka kabla yetu. Asubuhi moja niliingia darasani nikakuta ubaoni wamechora ramani nzuri kabisa: ofisi ya walimu, dawati langu, dawati lake, na mshale mmoja mnene katikati. Chini wameandika: "Ni karibu, mwalimu."

Nilifoka mpaka madirisha yakatetema. Kisha nikaipiga picha, nikamtumia.

"Umeona adabu ya watoto wako?"

"Nimeiona. Vipimo viko sawa."

"Kwa hiyo?"

Nilimwona kupitia dirishani, darasa la mbele, ameupa mgongo ubao wake, anaandika na kufuta.

"Kwa hiyo nije kwa mama yako na nani, mjomba wangu au Mkuu?"

"Njoo na wote wawili. Mama anakuuliza kama mikono yako iliungua kweli siku ile, maana mafuta hatoi tena."

Harusi ilifanyika kwenye bwalo la shule, viti vilevile vya kuungwaungwa. Mama alikata jina la Meneja kwenye kadi zilizorudi, akaandika jingine juu yake kwa kalamu, akasema hawezi kuchapisha mara mbili. Hakimu na muuza mitumba walikaa meza moja na hawakuacha kubishana. Kidato cha kwanza walijipanga kutoka getini mpaka mlangoni, na ndoo zao, maana hakuna aliyeweza kuwakataza. Kipande cha reli kikagongwa tukaingia.

Ulipofika wakati wa keki, mshereheshaji alimpa bwana harusi kisu, akaanza kupiga porojo zake kwenye kipaza sauti. Mimi niliingiwa na woga. Watu wengi hivyo, kamera, macho yote kwetu, na mama analia mbele kabisa. Ramani akanisogelea.

– Usiwatazame, – akanong'ona.

Nikainamisha macho. Akakigeuza kisu, akashika mwenyewe upande wa bapa, mpini ukaja kwangu.